Shamba la Kulinganishia

Shemeji yangu ni mbishi. Hilo nalitanguliza, asije mtu akafikiri nimekaa hapa kumpamba. Alimwoa dada yangu mkubwa, na tangu siku ile hatujaacha kutaniana. Hata dada alipofariki utani tuliubakisha, maana nao tungeuacha tungebaki na nini? Watu wote wanamwita Fundi. Anakaa upande wa pili wa kilima, peke yake, katika nyumba ya mawe aliyoijenga mwenyewe. Huku kwetu hakuna nyumba iliyonyooka kama ile. Madirisha yanafunga bila kusukumwa, na ukiweka gololi sakafuni inatulia palepale ulipoiweka. Sebuleni kuna viti vya kutosha ukoo mzima. Kimoja kinakaliwa, vingine vinafutwa vumbi.

Fundi ndiye aliyejenga ukuta wa korongoni. Zamani mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanashuka korongo kwa kelele, yanabeba udongo wetu, na kesho yake korongo limekauka kama halijawahi kuona tone. Mradi ukaja, ukaleta saruji na nondo. Sisi tukaleta mawe na migongo yetu, na Fundi akaleta akili. Dada yangu alikuwa akimkorogea zege na kumpa mawe mkononi, moja moja, siku nzima. Ukuta wenyewe si mrefu, mtu mzima akisimama chini yake anagusa juu. Lakini mvua ya kwanza ilipokuja maji yalisimama nyuma yake, yakatulia, likawa lambo. Kidogo kidogo yakazama ardhini, yakatembea chini kwa chini mpaka kwenye visima vyetu. Kamba ya ndoo niliyokuwa naivuta mpaka mabega yanauma niliikata nusu. Nikalima nyanya kiangazi. Mimi! Nyanya, kiangazi!

Yeye hakupata kitu. Shamba lake liko nyuma ya kilima, na maji yalikuja upande wetu. Siku ile ya kwanza, sote tukipiga vigelegele, dada yangu alisimama juu ya ukuta akamuuliza mumewe, "Na yetu yatapita wapi?" Fundi akamjibu kwamba kilima hakina mlango. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo ilivyo, na dada yangu alilia kwenye gae hilo bila kununa mpaka ugonjwa ulipomchukua mwaka uliofuata.

Mtoto wao ni mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu. Si mtoto mbaya. Humpigia baba yake simu akiwa amekwama kwenye foleni ya mpakani, kwa sababu ndipo anapopata nafasi. Ilifika mahali Fundi akawa anaomba foleni ziwe ndefu. Aliniambia hivyo huku anacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikakaa kitako jikoni nikashindwa hata kuwasha moto.

Watu wakisikia maji yamefika kijijini wanadhani kila kitu kimenyooka. Mengi yamenyooka, sikatai, na atakayekataa mwambieni arudi kuchota maji tulikokuwa tunachota. Lakini zamani kiangazi kilikuwa msimu wa kutembeleana. Shamba limelala, jembe limelala, mtu anaamka anajiuliza leo nikamwone nani. Tulikuwa tunavuka kilima kwenda kwa dada, tunakaa uani kwake mpaka jua linageuka, tunasengenya walio hai na waliokufa. Ukuta ulipoleta maji, kiangazi kikawa kazi. Nyanya haingoji mtu amalize kusalimia. Upande wetu wote ukawa na shughuli mwaka mzima, na kule ng'ambo mtu mmoja shamba lake linalala kama zamani, naye amekaa mlangoni anatazama njia isiyopita mtu. Hilo halimo kwenye ripoti yoyote. Nani angeliuliza?

Waliokuja kuuliza walikuwa na maswali yao. Mradi ulitaka kujua kama ukuta umewafaa wakulima kweli, au ni sisi tunapiga chuku ili tujengewe mwingine. Wakamtuma mtathmini, mwanamke kijana, mwembamba, anayeendesha pikipiki iliyofungwa sanduku nyuma. Sandukuni mlikuwa na mizani ya kuning'iniza, basi kijiji hakikuchelewa, kikamwita Dada Mizani. Alitukusanya chini ya paa la shule akatueleza kazi yake. Ukitaka kujua dawa imemsaidia mgonjwa, alisema, mtazame na mgonjwa ambaye hakuinywa. Mvua ni ileile, udongo ni uleule, mbegu ni ileile. Tafuta shamba ambalo maji ya ukuta hayalifikii, pima huku, pima kule, tofauti utakayoiona ndiyo kazi ya ukuta. Shamba la namna hiyo aliliita shamba la kulinganishia.

Macho yote yakamgeukia Fundi. Naye, kwa kuwa ni mtu wa mzaha, akasimama akasema, "Basi mgonjwa mliyemnyima dawa ni mimi, msinitafute mbali." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka sana.

Mwanzoni upande ule walikuwapo na wengine. Mmoja akahamia kwa watoto wake, mwingine akauza, mwingine akachoka kuulizwa kila msimu amevuna nini ilhali jibu linaonekana kwa macho. Akabaki Fundi peke yake, na Dada Mizani akawa anakuja kwake wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.

Wiki ya ugeni huo Fundi alikuwa mtu mwingine. Ananyoa ndevu. Anafua shati jeupe na kulianika kwa kulipindua ndani nje lisipauke. Anavuka kilima kuja kwangu kuazima vikombe, kana kwamba hana, kumbe ana vya dada kabatini ila anaogopa visivunjike.

"Shemeji, unakwenda kuposa?" namuuliza.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," ananijibu. "Lete vikombe, acha maneno."

Mara nyingine nilikwenda naye, nikaona kazi inavyofanywa. Dada Mizani anaanzia kisimani. Ana tepu ndefu yenye kipande cha chuma nchani, anaiteremsha taratibu, inashuka, inashuka, mwisho inagonga jiwe la chini. Kavu. Kisha anakwenda shambani na kamba yenye pembe nne, anaitandaza, na kila hindi lililo ndani ya kamba linavunjwa na kutundikwa kwenye mizani. Mahindi ya Fundi yalikuwa yanatia huruma, mshale wa mizani ulikuwa unasogea kwa kuona haya. Baada ya hapo wanakaa barazani na dodoso, yeye na kishikwambi chake magotini.

"Kaya hii ina watu wangapi, baba?"

"Mmoja."

"Kuku?"

Hapo sasa ndipo Fundi alipokuwa anapata njia. Kuku wake hawakuwa na idadi, walikuwa na historia. Yupi alipotea akarudi kwa aibu, yupi ana kiburi, yupi hulalia mayai ya mwenzake na kujitia hamnazo. Dada Mizani anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anaandika namba moja tu. Wakifika kwenye sehemu ya faida za ukuta anasema, "Hapa turuke, haikuhusu," na wanaruka. Maswali yakiisha haondoki haraka. Anakunywa chai, anauliza na yasiyoandikwa: mgongo unaendeleaje, mwanao amepiga simu, unalala usingizi? Na akiuliza anasubiri jibu.

Kesho yake Fundi ananirudishia vikombe vimeoshwa, na ananipa habari yote, alisema hivi, akacheka hivi, akaongeza sukari. Nilikuwa namsikiliza huku nang'oa magugu. Kwa miezi iliyofuata, kama ungemuuliza habari za leo, angekupa za siku ile.

Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa. Lambo lilijaa mpaka maji yakapita juu ya ukuta, na mvua ilipokatika ikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Upande wetu visima vilitubeba. Upande wa Fundi mahindi yalianza kukunja majani kabla hayajakomaa vizuri. Ukafika wakati wa kuvuna, ikafika na siku ya Dada Mizani kuja, na Fundi hakuja kuazima vikombe.

Nikasema huyu anaumwa. Nikafunga vikombe kwenye kitambaa, nikavuka kilima asubuhi ile kwa njia ya mkato inayotokea kona ya chini ya shamba lake. Mguu ukazama. Nikauvuta, kiatu kimejaa tope. Tope, mvua imekwisha siku nyingi, upande ule! Nikainama nikafunua mabua makavu yaliyotandazwa pale. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi, inateleza, na visiki vya mahindi vilivyokatwa juzijuzi vilikuwa vinene kama mpini wa jembe.

Fundi alikuwa anakuja mbio, ametota jasho, hajanyoa.

"Shemeji, hili tope la nini?"

"Nilimwaga maji ya kufulia."

"Ulifua nguo za kijiji kizima?"

Akayarudisha mabua juu ya tope kwa mguu.

"Na mahindi ya hapa yako wapi?"

"Nimewapa mbuzi."

"Mabichi? Yenye mahindi yake?"

"Na mbuzi ni viumbe," akasema, lakini hakunitazama.

Mimi sikuzaliwa jana. Nikamwacha pale nikaenda moja kwa moja kisimani, yeye nyuma yangu ananiita. Nikatupa kijiwe ndani. Kikalia ko, kama mtu anayebisha hodi. Kisima cha mawe hakiwezi kulia kama mlango. Nikachungulia, macho yalipozoea giza nikaona. Mtu huyu alikuwa ameteremka ndani ya kisima chake na mbao, akazipachika kwenye mawe ya ukutani, zimekaa sawa kabisa maana si fundi bure, akamwaga mchanga mkavu juu yake. Ukiteremsha tepu itagonga, utaandika kavu. Na chini ya mbao, maji.

Maji yalikuwa yamevuka kilima. Yalikuwa yamepata mlango wao huko chini ambao hakuna aliyeujua, yakaja mpaka kwake, naye akayawekea kifuniko.

Nilimpa vidonge vyake. "Watu huficha pombe," nikamwambia. "Watu huficha wapenzi. Wewe unaficha maji! Maji haya haya dada yangu aliyauliza mpaka akafa!"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa kwenye ukingo wa kisima akakung'uta mchanga kwenye magoti.

"Akijua maji yamefika, shamba hili si la kulinganishia tena," akasema. "Atatafuta jingine. Haji tena."

"Asije! Si una maji?"

"Shemeji, tangu dada yako aondoke, yule ndiye mtu pekee anayepanda mpaka hapa kuniuliza kitu, kisha akakaa asikie jibu. Maji yataniuliza nini?"

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi wa upande wa pili na visima vyetu tulikuwa tunaisikia kwa jina tu. Nilitaka kumwambia ahamie kwangu, lakini nilishamwambia hilo mara nyingi akakataa. Nilitaka kumwambia nitakuja kila wiki, nikakumbuka nyanya, nikaogopa kusema uongo. Basi nikaingia ndani nikabandika chai, na tukasikia pikipiki inapanda.

Dada Mizani siku ile hakuwa na raha. Alisalimia vizuri, lakini hakutania. Alikwenda kisimani, akateremsha tepu, ikagonga. Akaivuta, akaitazama, akaiteremsha tena upande mwingine, ikagonga tena. "Kavu," akasema, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Fundi alishusha pumzi. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Tulipokaa barazani aliweka kishikwambi magotini bila kukiwasha.

"Mbona leo huniulizi kuku?" Fundi akamwambia.

"Baba, ofisini kuna maneno," akasema. "Tunapima lambo kila mwezi, maji yanapungua haraka mno. Jua peke yake haliwezi kuyanywa vile, na visima vya upande wa mama huyu havijapata kiasi hicho. Wanauliza yanakwenda wapi. Wanasema yanavuja chini ya ukuta."

"Chini ya ukuta?"

"Wanasema msingi haukufungwa. Na kama ni hivyo, kuta za namna hii zisijengwe kwingine. Mimi nilibisha. Nikawaambia labda yanavuka kilima, ngojeni nikapime kisima cha Fundi." Akaitazama tepu yake. "Sasa nimepima."

Fundi alitazama mikono yake. Ni mikono minene, saruji ilishakula kucha.

"Msingi ule nilichimba mpaka nikagonga mwamba," akasema polepole. "Kila jiwe lililo chini kule nilipewa na mke wangu."

"Nakuamini, baba. Lakini humu kwenye kishikwambi hakuna mahali pa kuandika nakuamini."

Nilibana ulimi kwa meno, wanaonijua watashangaa. Haikuwa yangu kusema. Nilimwona Fundi anaelewa, nikaona na shingo inavyomtoka jasho. Akikaa kimya, atabaki na mgeni wake, na ukuta wa dada yangu utaitwa mbovu kwenye makaratasi ya watu wasiomjua. Akisema, ukuta utasafika na baraza hii itabaki na yeye na kuku. Nilitamani aseme. Na nilimwonea huruma hata nikatamani asiseme.

"Kunywa chai kwanza," akamwambia Dada Mizani. "Itapoa."

Akanywa. Kikombe kilipokwisha Fundi akamwongezea, akamsogezea sukari, akamuuliza barabara ilikuwaje, akamuuliza kama mama yake mzazi hajambo. Akamsikiliza. Sijawahi kuona mtu anamnywesha mwenzake chai taratibu vile. Alipoona kikombe cha pili kimekwisha, akasimama.

"Haya," akasema. "Njoo na tepu yako."

Kisimani alivua viatu akashuka kwa kukanyaga mawe yaliyojitokeza, yeye na mgongo wake ule. Tulisikia anagongagonga huko ndani. Kisha ubao wa kwanza ukatokea juu, nikaupokea, nao ulikuwa unachuruzika maji upande wa chini. Nikapokea wa pili na wa tatu. Akapanda, anahema, shati limekuwa rangi ya udongo.

"Teremsha sasa."

Tepu ikashuka. Chubwi.

Dada Mizani aliivuta akaishika pale ilipolowa, akaipitisha kati ya vidole, akaanza kucheka. "Yamevuka!" akasema. "Baba, yamevuka kilima! Ukuta hauvuji!" Alicheka mpaka macho yake yalipofika kwenye zile mbao nilizozishika mimi. Kicheko kikakatika.

"Hizi nani aliziweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Fundi akajifuta mikono kwenye shati, akaichafua zaidi. "Nilitaka uje tena," akasema.

Dada Mizani hakumgombeza. Angekuwa na haki, kazi yake nzima ilikuwa imekaribia kuharibika kwa ajili ya mbao tatu. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye tope.

"Niliyoandika leo nitayafuta," akasema. "Lakini shamba lako, baba, siwezi kulitumia tena."

"Najua. Ndiyo sababu ya mbao."

Akafanya kazi yake upya. Alipima kisima, akapima tope la kona, akahesabu visiki vya mahindi yaliyoliwa na mbuzi, na hapo angalau tulicheka kidogo. Kisha wakarudi barazani, na safari hii alipofika sehemu ya faida za ukuta hakuruka. "Leo inakuhusu," akasema. Akauliza maji yamemfikia lini, yamelowesha eneo gani, anategemea kupanda nini. Fundi alijibu kwa kifupi, yeye ambaye kuku mmoja alikuwa anamchukua nusu saa.

"Swali la mwisho. Je, maji haya yamekuletea hasara yoyote?"

Fundi alimtazama. Mimi nilisimama nikaenda kuosha vikombe, lakini nilisikia.

"Andika hakuna," akasema.

Dada Mizani alipoondoka alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, akaahidi kwamba atapita kumsalimia. Alisema kwa moyo wake wote. Simlaumu. Aliye kazini hutumwa, na barabara hazina urafiki na mtu.

Ripoti ilisomwa na mwenyekiti mbele ya watu: ukuta ni mzima, maji yake yamefika mpaka nyuma ya kilima, na kuta nyingine zitajengwa kwenye makorongo mengine. Tukapiga makofi. Wengine wakamtafuta Fundi wampongeze, lakini hakuwapo, alikuwa anachimba mtaro. Maana sasa naye ana maji, na maji ni kazi. Alipanda mahindi kiangazi kama sisi, akaamka alfajiri kama sisi, akakosa nafasi kama sisi. Tulifikiri sasa tumekuwa sawa. Lakini mimi nikitoka shambani nakuta watoto wanagombana na mume wangu anauliza chumvi iko wapi. Yeye akitoka shambani anakuta viti.

Nilimwambia tena ahame. "Na nani atamwagilia?" akanijibu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Fundi ni ngumu kuchana.

Shamba jipya la kulinganishia lilipatikana mbali kule bondeni, kukavu kweli. Barabara ya kwenda huko inapita mbele ya nyumba ya Fundi.

Siku moja nilikuwa navuka kilima, nimembebea maharage. Nilipofika juu nilipumzika, na kutoka pale unaona kila kitu: nyumba, barabara, na shamba lake la kijani lililokuwa limejaa mpaka ukingoni. Nikasikia pikipiki. Ilikuja na sanduku lake nyuma, ikapunguza mwendo mbele ya nyumba, ikasimama. Dada Mizani akaweka mguu chini. Akapiga honi. Akatazama mlango uliofungwa, akatazama uani. Akapiga honi tena.

Na mimi kutoka juu nilimwona Fundi. Alikuwa katikati ya mahindi, anakimbia kuelekea barabarani, anapunga mkono na kofia. Sauti yake ilinifikia hafifu, "Niko hapa! Niko hapa!" lakini injini ilikuwa inanguruma. Shemeji yangu ni mfupi, na mahindi yalikuwa yamempita kwa mkono mzima. Nilipiga kelele nami, upepo ukazichukua. Dada Mizani alitazama saa yake, akangoja kidogo, akaondoka kuelekea bondeni.

Nilishuka mbio mpaka nikamkuta ametokea ukingoni mwa shamba, uso umekwaruzwa na majani, macho yanang'aa.

"Umemwona?" akaniuliza. "Alisimama! Amepiga honi mara mbili!"

"Nimemwona."

"Nimempungia. Ameniona, sivyo?"

"Amekuona sana," nikasema. "Mahindi gani haya ya kumficha mtu mrefu kama wewe?"

Alicheka kidogo, kama tunavyocheka siku zote. Kisha akageuka akayatazama mahindi yake, akainua uso mpaka akayafikia vilele, na hakuniuliza tena.